Obijekti Moja, Nyuzi Nyingi: Nani Anailinda Data?



Anayejifunza kuandika programu kwa njia ya obijekti hupewa ahadi moja nzuri mapema kabisa. Huambiwa kwamba akizificha data ndani ya obijekti, na akaacha zifikiwe kwa kupitia methodi peke yake, yaani maagizo ya obijekti yenyewe, hakuna wa nje atakayeziharibu. Ahadi hiyo ni ya kweli maadamu programu inatekelezwa na mkono mmoja. Mikono ikiwa miwili, ahadi huvunjika, tena huvunjika kimya kimya, bila onyo kwenye skrini na bila kosa lolote la sarufi.

Hoja niliyokuja kuitetea ni hii: kuficha data kunajibu swali la nani aziguse, wala hakujibu swali la lini aziguse. Lugha nyingi tunazozitumia leo zilijibu swali la kwanza kwa ukali, kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha kwa mashine, ikakataa kabisa, kisha zikamwachia kila mwandishi wa programu alijibu la pili kwa akili yake. Haikuwa lazima iwe hivyo. Dawa ilikwisha kujulikana miaka mingi kabla ya lugha hizo kuandikwa.

Kwa ajili ya wasio wataalamu niseme kwanza uzi ni nini. Uzi ni mfuatano mmoja wa maagizo, unaotekelezwa hatua baada ya hatua. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda pamoja: mmoja unachora skrini, mwingine unapakua picha, wa tatu unahesabu. Nyuzi zote za programu moja zinaiona kumbukumbu ile ile ya kompyuta. Obijekti iliyoundwa na uzi mmoja inafikiwa na mwingine bila kunakiliwa wala kuombewa ruhusa. Ndiyo maana nyuzi ni nyepesi na za haraka, na ndiyo maana ni hatari.

Turudi nyuma hadi Oslo. Katika miaka ya 1960, kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza lugha ya Simula, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta klasi na obijekti kama tunavyozijua. Walitaka kuiga kwa kompyuta mifumo ambamo mambo mengi hutokea kwa wakati mmoja, foleni za wateja kwa mfano, au kazi zinazopita kwenye mitambo ya kiwanda. Kwa hiyo kila obijekti ya Simula iliweza kuwa na mwenendo wake yenyewe: inaanza, inasimama, inaipisha nyingine, inaendelea pale ilipoachia. Wazo la obijekti na wazo la mambo kwenda sambamba yalizaliwa pamoja, jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia havilisemi. Lakini katika Simula kupishana kulikuwa kwa hiari. Wakati wowote ni obijekti moja tu iliyokuwa ikitenda, nayo ilisimama pale tu mwandishi alipoiambia isimame. Haikuwezekana ikatwe katikati ya hesabu.

Nyuzi za leo hukatwa popote. Chukueni klasi ya akaunti ya pesa za simu. Ndani yake kuna kigeu kimoja, salio, kilichofichwa vizuri, na methodi mbili: ya kuweka na ya kutoa. Salio ni shilingi 10,000. Nyuzi mbili za seva zinaifikia akaunti hiyo kwa pamoja, mmoja umeleta 2,000 na mwingine 500. Kwa mwandishi, kuongeza salio ni mstari mmoja. Kwa prosesa ni hatua tatu: kusoma salio, kujumlisha, kuandika jibu. Uzi wa kwanza unasoma 10,000. Kabla haujaandika, mfumo endeshi unausimamisha. Uzi wa pili unasoma 10,000 hiyo hiyo, unajumlisha 500, unaandika 10,500, unamaliza. Uzi wa kwanza unaamshwa, haujui lililopita, unaandika 12,000. Shilingi 500 zimepotea, na ukizisoma methodi mstari kwa mstari huoni kosa.

Methodi ya kutoa ni mbaya zaidi. Inasema: kama salio linatosha, punguza. Nyuzi mbili zinauliza kwa pamoja kama 8,000 zipo, zote zinajibiwa ndiyo, zote zinalipa. Nje zimetoka 16,000, na kitabuni pameandikwa kwamba zimebaki 2,000. Kigeu kilikuwa siri muda wote huo. Hakuna wa nje aliyekigusa. Kimeharibiwa na methodi zake zenyewe, zile zilizowekwa kukilinda.

Najua mifumo mikubwa ya fedha ina ulinzi mwingine kwenye hifadhidata, na ni vizuri. Lakini vijana wanaoandika programu za maduka na za vikundi vya kuweka na kukopa wanajua vilevile kwamba taarifa ya malipo yale yale inaweza kufika mara mbili kwenye seva yao, karibu kwa wakati mmoja, kila moja ikishikwa na uzi wake. Methodi inayouliza kwanza "je, malipo haya nimeshayaandika?" kisha inayaandika, ina ufa ule ule nilioueleza. Mteja mmoja analipa mara moja, anaandikiwa mara mbili.

Sasa niingie kwenye historia ninayoiona kuwa kiini cha jambo. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa Eindhoven, alichapisha suluhisho la jumla la kuzizuia kazi nyingi zisiingie pamoja kwenye sehemu nyeti ya programu, na katika kipindi hicho hicho akatupa semafori, alama ambayo kazi huisubiri kabla ya kuingia na huiachia inapotoka. Semafori inafanya kazi, lakini haijui inalinda nini. Ukisahau kuisubiri mahali pamoja tu kati ya mahali mia, umekwisha.

Ndipo wakaja watu wawili. Per Brinch Hansen, Mdenmark, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu mifumo endeshi, alilichukua wazo la klasi ya Simula akaliunganisha na ulinzi wa Dijkstra. Tony Hoare, Mwingereza, akachapisha makala yake juu ya jambo hilo hilo mwaka 1974. Walichokibuni kiliitwa monita, na hapa sizungumzii skrini. Monita ni obijekti yenye data zake na methodi zake, na ndani yake haingii zaidi ya uzi mmoja kwa wakati. Mwandishi hahitaji kukumbuka kufunga wala kufungua. Mwaka 1975 Brinch Hansen akaileta lugha ya Concurrent Pascal, ambayo kompaila yake ilikataa programu yoyote inayogusa data za pamoja nje ya monita. Hakuishia kwenye nadharia. Akiwa Caltech aliandika kwa lugha hiyo mfumo endeshi mzima, Solo, ukafanya kazi.

Swali la nani na swali la lini yakajibiwa kwa pamoja, na anayejibu ni kompaila. Hiyo ilikuwa 1975.

Miaka ishirini baadaye, 1995, Sun Microsystems wakaitoa Java. Ilikuwa lugha ya kwanza ya obijekti iliyoenea duniani kote ikiwa na nyuzi ndani yake tangu siku ya kwanza. Kila obijekti ya Java ina kufuli lake. Ukiandika neno synchronized mbele ya methodi, uzi unaoiita lazima ulishike kufuli hilo kwanza, na mwingine unaokuja hungoja. Ni monita ya Brinch Hansen na Hoare, isipokuwa kwa tofauti moja: neno hilo si lazima. Unaweza kuliandika kwenye methodi tano za klasi ukalisahau kwenye ya sita. Kompaila haisemi kitu. Nyumba yenye milango sita, mitano ikiwa na makufuli na mmoja wazi, haina ulinzi wa sehemu tano juu ya sita. Haina ulinzi kabisa.

Brinch Hansen aliyaona hayo, na mwaka 1999 akachapisha insha yenye jina "Java's Insecure Parallelism". Ni maandishi makali ya mzee aliyeona kazi ya robo karne imewekwa kando. Lalamiko lake lilikuwa la kiufundi na la wazi: Java haizifanyi data kuwa za siri bila kuambiwa, wala haizilindi methodi bila kuambiwa, hivyo kompaila haina njia ya kugundua nyuzi zinapovamiana. Mimi niko upande wake. Lugha inayokataa kuweka jina kwenye kigeu cha namba, kwa kuogopa kosa dogo, haikupaswa kukaa kimya mbele ya kosa ambalo hata mwenye kuliandika hawezi kuliona.

Waliobuni Java walikuwa na sababu, na haki ni kuzitaja. Kushika kufuli kuna gharama, na obijekti nyingi hazitumiwi na zaidi ya uzi mmoja. Tena walijaribu njia ya kulinda kila kitu. Klasi ya Vector, orodha iliyokuwemo tangu mwanzo, na StringBuffer ya kuunganishia maneno, zilikuwa na kufuli kwenye methodi zake. Watu wakachoka kulipia wasichokihitaji. Mwaka 1998 ikaja ArrayList isiyo na makufuli, na mwaka 2004 StringBuilder ikachukua nafasi ya StringBuffer kwenye matumizi mengi. Kuna tatizo la pili ambalo kufuli la methodi haliwezi kulitibu. Ukiuliza kama orodha ina kitu, kisha ukakitoa, umeita methodi mbili. Kila moja imelindwa, lakini nafasi iliyo kati yao haikulindwa. Uzi mwingine unapita hapo, unakichukua kitu cha mwisho, na wewe unatoa kwenye orodha tupu. Kufuli la kila methodi liliwagharimu wasiolihitaji, na halikuwatosha waliolihitaji.

Na wasiolinda kabisa? Klasi ya HashMap haikuwahi kuahidi kuzihimili nyuzi nyingi. Katika matoleo ya Java kabla ya la 8, nyuzi mbili zikiipanua ramani moja kwa pamoja, viungo vya ndani viliweza kujifunga duara, na uzi unaotafuta jina fulani ukazunguka humo milele. Seva inaonekana hai, prosesa inafanya kazi kwa asilimia 100, na hakuna jibu linalotoka.

Nataka nikae kwenye mkasa mmoja, kwa sababu wapo wanaodhani makosa haya hupoteza shilingi na muda tu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada, iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, Marekani na Kanada. Baadhi yao walifariki. Mashine ilitibu kwa namna mbili: kwa miale ya elektroni, na kwa eksirei. Eksirei ilihitaji mwale wenye nguvu kubwa mno, uliopaswa kupita kwenye kipande cha chuma kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwale huo ukitoka bila chuma kuwepo, ni wa kuua.

Machi 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji aliandika herufi ya eksirei, akagundua amekosea, akarudi nyuma akaandika ya elektroni, akaendelea. Alikuwa mzoefu, vidole vyake vyepesi. Programu ilikuwa na kazi kadhaa zilizokwenda sambamba na kushirikiana vigeu bila ulinzi wa maana. Kuzipanga sumaku za mashine kulichukua kama sekunde 8, na sahihisho lililoingizwa na kumalizwa ndani ya sekunde hizo lilionwa na sehemu moja ya programu, nyingine ikabaki na agizo la awali. Skrini ilionyesha "Malfunction 54", maneno ambayo hayakumweleza mwendeshaji chochote cha kumsaidia. Mgonjwa aliyepangiwa rad 180 za mionzi anakadiriwa kuwa alipata kati ya 16,500 na 25,000. Mwezi uliofuata tukio kama hilo likatokea tena hapo hapo. Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, alikaa na mwendeshaji wakalirudia tukio mpaka wakalipata, na wakagundua kwamba ufunguo ulikuwa kasi ya kuandika. Waliokuwa wakiijaribu mashine taratibu, hatua kwa hatua, hawakuona kitu.

Hapo ndipo mkasa huu unaponigusa zaidi. Kadiri mwendeshaji alivyoimudu kazi yake, ndivyo alivyoisogelea kasoro.  Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na kasoro hiyo hiyo kwenye programu yake, lakini ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu, hivyo haikumdhuru mtu kwa njia hiyo. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, kazi yake ikaachiwa programu. Nancy Leveson na Clark Turner waliuchapisha uchunguzi wao kamili mwaka 1993, na kwa maoni yangu hakuna mwanafunzi anayestahili shahada ya fani hii bila kuusoma.

Mtaniuliza: programu ile iliandikwa kwa asembli ya kompyuta ya PDP-11, obijekti zina uhusiano gani nayo? Jibu langu ni kwamba kuzifunga data zile ndani ya klasi nzuri, zenye majina mazuri, kusingewaokoa wagonjwa wale. Kosa lilikuwa kwenye wakati.

Tukishakubali kutumia makufuli, kuna shimo la pili: mkwamo. Uzi wa kwanza unahamisha fedha kutoka akaunti ya Asha kwenda ya Juma: unalishika kufuli la Asha, unataka la Juma. Uzi wa pili unahamisha kutoka kwa Juma kwenda kwa Asha: umelishika la Juma, unataka la Asha. Hakuna atakayeachia. Dawa ya vitabuni ni kuyashika makufuli kwa mpangilio mmoja daima, tuseme kwa kufuata namba ya akaunti, ndogo kwanza. Kwa akaunti mbili ni rahisi. Kwa mfumo wenye mamia ya klasi ni jambo jingine, na sababu iko kwenye moyo wa obijekti zenyewe.

Mwaka 2006 Edward Lee, profesa wa Berkeley, alichapisha makala iitwayo "The Problem with Threads". Timu yake ilikuwa ikitengeneza Ptolemy II, mfumo mkubwa ulioandikwa kwa Java. Walichukua tahadhari nyingi: usanifu na msimbo vilikaguliwa, majaribio yaliendeshwa kila usiku na yalipita kwenye kila mstari. Hakuna kilichoonekana. Tarehe 26 Aprili 2004, miaka minne baada ya kuanza, mfumo ukakwama. Kasoro ilikuwemo muda wote huo.

Lee anaeleza tatizo hilo kwa muundo ambao kila mwanafunzi wa obijekti anaufundishwa: obijekti moja ina thamani, na nyingine zimejiandikisha kwake kama wasikilizaji ili ziarifiwe thamani ikibadilika. Ukiufundisha kwa uzi mmoja, ni kurasa mbili. Weka nyuzi mbili. Lazima ulinde orodha ya wasikilizaji, kwa hiyo unashika kufuli. Ukiwa umelishika unamwita kila msikilizaji umwarifu. Lakini msikilizaji ni obijekti usiyoijua. Huenda methodi yake nayo inataka kufuli fulani, ambalo limeshikwa na uzi mwingine unaosubiri kujiandikisha kwako. Mmekwama. Basi unanakili orodha, unaachia kufuli, ndipo unawaarifu. Mkwamo umekwisha, lakini sasa thamani ikibadilishwa mara mbili na nyuzi mbili, wasikilizaji wanaweza kuambiwa mabadiliko kinyume cha mpangilio, wakaamini kwamba ya zamani ndiyo ya sasa.

Fikirini hili linamaanisha nini. Uzuri mkubwa wa obijekti ni kwamba unaita methodi bila kujua nyuma yake kuna klasi gani. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya tuweze kujenga programu kubwa kwa vipande vya watu mbalimbali. Lakini mpangilio wa makufuli unataka ujue: unataka ujue kila kufuli litakaloshikwa na kila methodi utakayoita, hata iliyoandikwa mwakani na mtu usiyemfahamu. Obijekti zinaomba usijue, makufuli yanaomba ujue. Hayo mawili hayapatani, na sijaona kitabu cha wanaoanza kinachowaambia hivyo waziwazi. Kanuni moja ya kazi inatokana na hapo: usiite methodi ya mgeni ukiwa umeshika kufuli.

Kuna tabaka la tatu, nami nitalipita haraka. Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba uzi mmoja ukiandika, mwingine unaona papo hapo. Si hivyo. Prosesa ina hifadhi zake ndogo za karibu, na kompaila inaruhusiwa kupangua maagizo mradi uzi wenyewe usione tofauti. Uzi mwingine unaweza kuiona obijekti kabla vigeu vyake havijajazwa. Kwa miaka kadhaa waandishi wa Java walikuwa na mbinu ya kuepuka gharama ya kufuli kwa kuangalia mara mbili kama obijekti imeshaundwa. Ilichapishwa, ikasambaa, na haikuwa salama. Ilibidi kanuni za kumbukumbu za lugha ziandikwe upya katika toleo la 5, mwaka 2004, na toleo hilo hilo likaleta maktaba ya Doug Lea ya foleni, makufuli na hazina za nyuzi. Anayeandika nyuzi kwa Java leo bila kuigusa maktaba hiyo anajitwisha mzigo usio wake.

Wala hatuna njia ya kuliepuka jambo lenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu iliongezeka kasi kwa kuingoja tu prosesa mpya. Mwaka 2004 Intel waliiacha prosesa yao ya Tejas kwa sababu ya joto, na tangu hapo watengenezaji wameongeza idadi ya viini kuliko kasi ya kila kiini. Simu iliyo mfukoni mwenu ina viini kadhaa, na programu yenye uzi mmoja hutumia kimoja tu kwa wakati.

Basi tufanye nini? Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kuunda obijekti zisizobadilika. Kama vigeu vya obijekti vinajazwa mara moja na havibadiliki tena, nyuzi elfu zinaweza kuisoma bila kufuli hata moja. String ya Java iko hivyo tangu mwanzo. Ukitaka salio jipya, unda rekodi mpya ya muamala, usiifute ya zamani. Ya pili ni umilikaji: kila obijekti inayobadilika iwe na uzi mmoja unaoimiliki, na wengine wasiiguse. Walioandika programu za Android wanaifahamu sheria hii. Uzi wa pembeni ukijaribu kubadilisha maandishi ya skrini, mfumo huikataa kazi hiyo kwa kosa la wazi, kwa sababu skrini ina mwenyewe. Natamani obijekti zetu zingekuwa kali hivyo.

Na obijekti zikihitaji kuzungumza, zitumiane ujumbe. Carl Hewitt na wenzake walilipendekeza hilo mwaka 1973: kila kitendaji kina sanduku lake la barua, kinashughulikia ujumbe mmoja baada ya mwingine, na hakuna kumbukumbu ya pamoja. Katika maabara ya Ericsson, Sweden, kuanzia 1986, Joe Armstrong na wenzake walijenga lugha ya Erlang juu ya mawazo ya aina hiyo kwa ajili ya mitambo ya simu, na baadaye WhatsApp walijenga seva zao kwa lugha hiyo. Alan Kay, mmoja wa waasisi wa Smalltalk, amesisitiza mara nyingi kwamba ujumbe ndio uliokuwa wazo kuu la obijekti, kuliko klasi. Nakubaliana naye, na nyuzi ndizo zilizonishawishi.

Kufuli liwe la mwisho. Lipo mahali pake, lakini liwe moja, dogo, na anayelisoma aone pale pale linalinda vigeu vipi.

Matakwa ya Brinch Hansen hayakufa. Rust, iliyotoka toleo lake la 1.0 mwaka 2015, ina kompaila inayokataa nyuzi mbili kuandika data moja bila ulinzi. Imefika alipotaka yeye kwa njia ya umilikaji. Java 21, ya Septemba 2023, imeleta nyuzi nyepesi unazoweza kuziunda kwa mamia ya maelfu, na wapo wanaosherehekea kana kwamba ugonjwa umepona. Umerahisishiwa kuzaana. Zile shilingi 500 za akaunti yangu zitapotea vilevile. Python nayo, iliyokuwa na kufuli moja kubwa la mkalimani wake kwa miaka mingi, ilitoa kwenye toleo la 3.13, Oktoba 2024, namna ya majaribio ya kuendesha bila kufuli hilo. Programu nyingi zilizoonekana salama zilikuwa zikisitiriwa na kufuli ambalo waandishi wake hawakulijua, na kazi ya kuzikagua moja moja ndiyo imeanza.

Walimu wenzangu, mara nyingi tunafundisha obijekti mwaka wa kwanza na nyuzi mwaka wa tatu, ndani ya somo la mifumo endeshi, kana kwamba ni mambo ya nchi mbili. Naomba tuyaunganishe kwa zoezi moja, wiki ile ile tunapofundisha kuficha data. Mpeni mwanafunzi klasi ya akaunti niliyoieleza. Mwambieni aanzishe nyuzi kumi, kila mmoja ukiweka shilingi moja mara laki moja, kisha achapishe salio. Linapaswa kuwa 1,000,000. Aendeshe, aandike namba aliyoipata, aendeshe tena, aone namba nyingine. Asiruhusiwe kutengeneza chochote mpaka aweze kueleza kwa karatasi na kalamu, hatua kwa hatua, shilingi moja iliyopotea ilipoteaje. Kisha aitengeneze kwa kufuli, na aitengeneze tena kwa foleni ya ujumbe yenye mmiliki mmoja, apime muda wa kila njia, na atetee mbele ya darasa ile ambayo angeiweka kwenye mashine inayomtibu mgonjwa.